Tope la G na Tope la J

Jina lake kamili ni Nazaire Gahungu, lakini kwenye kitambulisho alichoning'iniza shingoni huko kazini Houston paliandikwa Jahungu. Miaka sita ilipita na hakuna aliyejisumbua kulirekebisha, na mvivu wa kwanza katika hilo alikuwa yeye mwenyewe. Mtu aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, miaka kumi na miwili akisikiliza majina yakisomwa kwenye kipaza sauti anajua kwamba likiitwa lako, au hata linalofanana na lako, unaitika upesi kabla hajaitika mwingine. Mambo ya herufi utayatafuta siku nyingine.

Kwao Rutana, Burundi, kabla ya vita, Nazaire alikuwa akifyatua matofali. Hakuwa mwenye tanuru. Alikuwa yule anayeingia bondeni miguu mitupu na kutoka na tope hadi magotini. Tope alilijua kwa kidole gumba na, likimtia shaka, kwa meno: la mfinyanzi hulainika mdomoni kama siagi, na lenye mchanga mwembamba hukwaruza hata kama jicho halioni chembe yoyote. Ukilikosea, tofali linapasuka tanuruni na mwenye tanuru anakupasukia wewe. Basi akajifunza kutolikosea.

Marekani walimpokea Fort Worth, wakamweka kwenye mkanda wa maboksi katika ghala moja kubwa, na mkanda huo ukala goti lake la kushoto kwa miaka mitatu. Ndipo dada mmoja wa wakala wa ajira akampigia simu akiuliza kama ana uzoefu wowote na udongo. Nazaire akajibu ndiyo, na ikawa mara yake ya kwanza tangu afike nchi hii kujibu swali la wakala bila kutia chumvi. Dada akamwomba ataje jina lake herufi moja moja, yeye akalitaja, na wiki iliyofuata alikuwa Houston.

Kazi yenyewe ilikuwa kutunza tope. Naam, tope. Marekani, nchi ambayo mtu mzima hulala chini ya daraja la barabara kuu, imejenga jumba lisilo na madirisha, lenye baridi ya jokofu, ili tope lilale salama. Nje ni joto la Houston linalomfanya hata mbwa atembee kwa hasira. Ndani, Nazaire alivaa koti zito na kofia ya sufu, akizunguka kati ya rafu zenye mabomba ya plastiki yanayopita elfu nne. Katika kila bomba kuna tope lililotobolewa kutoka sakafu ya bahari. Bomba likifika hupasuliwa kwa urefu, nusu moja ikawa ya akiba isiyoguswa, nusu ya pili ikawa ya wasomi kuchokoachokoa. Na ukishalipasua unaona matabaka: jipya liko juu, la zamani liko chini, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyorudi nyuma kwa miaka elfu na elfu.

Tope alilolipenda Nazaire lilikuwa la pwani ya kaskazini kabisa, Alaska, kule bahari inakoganda. Ni bahari ya kina kifupi. Unaweza kwenda mwendo mrefu kutoka nchi kavu na bado maji hayajafika urefu wa mnazi. Zamani, maji ya dunia yalipokuwa yamefungwa kwenye barafu, sehemu hiyo yote ilikuwa nchi kavu yenye majani. Kwa hiyo ukishuka vya kutosha ndani ya bomba, chini ya tope la bahari, unakuta udongo mweusi wa majani yaliyooza, na mizizi myembamba bado imo humo, imelala inasubiri mvua ambayo haikuja. Mara ya kwanza Nazaire alipoiona ile mizizi alivua kofia. Kariuki, Mkenya msimamizi wa zamu, naye kibarua wa wakala, akamuuliza kama anaumwa kichwa.

Wikendi alikuwa akiendesha gari kwa muda wa saa nne hadi Fort Worth, kwa mkewe Spès, mfuaji mashuka katika hospitali moja, na binti yao Annick anayesomea uuguzi. Na huko Fort Worth alikuwa mtu mwingine kabisa. Kwa Warundi wa Fort Worth, Houston ni mafuta, na anayefanya kazi Houston kwenye mambo ya chini ya bahari hawezi kuwa mtu wa hivi hivi. Tharcisse, rais wa jumuiya yao, ambaye ana makatibu wawili na hana ofisi, alimsimamisha siku moja baada ya misa na kumtambulisha kama Ingénieur Nazaire, mhandisi. Nazaire alikanusha, lakini kwa sauti ndogo, ile ya mtu anayekataa kipande cha pili cha nyama. Mara ya pili hakukanusha. Mara ya tatu alijikuta amekaa meza ya mbele, karibu na padri, akieleza habari za sakafu ya bahari kwa watu waliokuwa wanasubiri pilau.

Mambo yaliharibika mwezi Machi. Kampuni ilitangaza kwamba vibarua wote wa wakala wataondoka mwisho wa mwezi, na kwamba itaajiri mtu mmoja tu wa kudumu kutunza mabomba. Nazaire alikuwa na miaka hamsini na minne. Ama apate nafasi hiyo, ama arudi kwenye mkanda wa maboksi, na goti lake lilishatoa hukumu juu ya mkanda wa maboksi. Spès alianza novena, sala ya siku tisa. Tharcisse, bila kuulizwa, alitangaza kanisani kwamba ingénieur wetu anapandishwa cheo.

Jumamosi moja asubuhi Annick aliketi naye jikoni kujaza maombi kwenye kompyuta. Nazaire aliweka kitambulisho chake mezani ili anakili namba.

"Papa, why does it say Jahungu?"

"Ndivyo walivyoandika."

"But how did you spell it kwa simu?"

"Nilisema vizuri tu. Je, a, ash..."

Annick alicheka hadi akaweka mkono mdomoni. "Papa, *jei* is J. G is *ji*."

"Ji ni J. Tumesoma hivyo tangu école primaire."

"In French! In English it's backwards. You say *je*, they hear J. They say *ji*, that's a G."

Nazaire alikuwa ameinua kikombe cha chai. Hakunywa. Alikirudisha mezani polepole, na Spès, aliyekuwa akikata vitunguu, akageuka kumtazama kwa sababu alijua mume wake huwa harudishi chai.

Kilichomjia ni siku moja ya miaka minne iliyopita. Yalikuwa yamefika mabomba mawili marefu kutoka Alaska, na barafu ya safarini ilikuwa imeyeyuka ikafuta maandishi yote. Zilibaki namba mbili zilizokwaruzwa kwa msumari, moja na mbili. Daktari Barlow, mwenye tope hilo, alikuwa bado kule kaskazini. Alipiga simu upepo ukivuma sikioni mwake, akasema mara moja tu, kwa haraka ya watu wasioamini kwamba kuna anayeweza kukosea kitu rahisi: namba moja ni *ji*, namba mbili ni *jei*. Nazaire, mwanafunzi mwema wa ile école primaire, shule ya msingi ya Rutana, akachukua kalamu ya wino usiofutika. Juu ya la kwanza akaandika J, na juu ya la pili akaandika G.

G ilikuwa lagoon, yaani mahali penye maji yaliyotulia, nyuma ya visiwa vya mchanga, karibu na mdomo wa mto. J ilikuwa nje, bahari wazi, ambako barafu ina matumbo yanayoning'inia chini ya maji, na upepo ukiisukuma inalima sakafu ya bahari kama trekta, inachanganya mchanga na kokoto na makombe, hakuna tabaka linalobaki mahali pake. Hayo Nazaire aliyajua kwa sababu aliyasikia kila wageni walipoletwa kutembezwa.

Na hapo ndipo palipouma, maana Daktari Barlow hakuwa ametulia miaka minne hiyo. Alikuwa amepasua mabomba, akakuta bomba la G, la mahali palipotulia, limevurugika vibaya sana, na la J, la mahali panapolimwa na barafu, limelala ukurasa kwa ukurasa kama daftari jipya. Mtu mwingine angejiuliza kama mabomba yamebadilishana. Daktari Barlow alikuwa amesoma sana, hakuweza kufikiri jambo dogo namna hiyo. Aliandika kwamba zamani barafu kubwa iliruka visiwa na kuvamia maji yale yaliyotulia. Akauita Uvamizi, kwa herufi kubwa. Uvamizi ulichorewa ramani yenye mishale, ukasafiri mikutano mitatu, na ukapewa tuzo ya kioo ambayo ilikaa ofisini mwake ikimulikwa na taa yake yenyewe.

Jumatatu Nazaire aliwahi kazini. Alishusha nusu za akiba za mabomba yote mawili, akaziweka mezani, akafunua nailoni. Kwa kweli hakuhitaji kufunua. Lile lililoandikwa J lilikuwa likinuka bonde tangu siku ya kwanza, ule mnuko wa yai bovu wa tope la maji yasiyotembea, na yeye miaka minne alijiambia kwamba labda bahari za watu hawa zina tabia zake. Alikuwa hajaulizwa. Mbeba mabomba haulizwi mnuko. Safari hii alichukua chembe, kidogo kama kichwa cha njiti, akaiweka kati ya meno ya mbele. Haikukwaruza. Akaonja la pili, likalia mchanga hadi masikioni.

Alimweleza Kariuki wakiwa wanavaa glavu. Kariuki alisikiliza, akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Mzee, hii story umeambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi iishie hapa. Hiyo ni matope, mzee. Iko ndani ya plastiki. Hakuna mtu atakufa. Una-interview Alhamisi na Barlow mwenyewe ako kwa panel, unataka kujichoma?"

"Kosa ni la kwangu, Kariuki."

"Ndiyo maana unafaa kunyamaza, bana. Kosa ya mtu mwingine ndiyo hukuwa ngumu kuficha."

Kariuki si mtu mbaya. Ni mtu aliyeishi Texas miaka kumi na saba na kugundua kwamba kazi yake ni kuwa mahali pengine kila jambo linapotokea. Nazaire alimshukuru, na siku mbili nzima alijaribu kumtii. Alijiambia kwamba yeye si ingénieur. Halafu akakumbuka meza ya mbele, karibu na padri, ambako hakuwa na haraka ya kusema hivyo, akaona aibu. Tena akaogopa. Usemi wa Kariuki ulikuwa na maana, na mkanda wa maboksi ulikuwa na maana zaidi, na goti lilimuuma hata akiwa amelala.

Jumatano aligonga ofisi ya Daktari Barlow. Alimweleza yote kwa Kiingereza chake cha taratibu: simu, upepo, *ji* na *jei*, mnuko, meno. Daktari Barlow ni mwanamke mrefu mwenye tabasamu la kudumu, aina ile isiyohusiana na furaha. Tabasamu lilibaki lakini shingo ilipata madoa mekundu.

"Uliyatia mdomoni?" aliuliza.

"Kidogo tu, Daktari."

"Nusu ya akiba?"

Nazaire akakubali. Daktari akaandika kitu kwenye karatasi, na kwa muda ikaonekana kana kwamba msiba mkubwa wa jumba lile ni ile chembe ya tope iliyomezwa. Kisha akaweka kalamu chini. Alisema anathamini sana uangalifu wake, akamwita Naz, jina ambalo hakupewa na mama yake. Alisema mambo haya ni tata, sayansi ina taratibu zake, mabomba hayo mawili yatatazamwa na wahusika kwa wakati wake. Akauliza kama kuna mwingine anayejua.

"Hakuna," alisema Nazaire, akimwokoa Kariuki.

"Vizuri. Basi tusilifanye kuwa gumu. Kesho kwenye usaili utapewa orodha ya mabomba yote yaliyopita mikononi mwako. Unatia sahihi kwamba lebo ni sahihi. Ni kawaida tu. Nimewaambia wenzangu kwamba nafasi hii ni yako, Naz. Nilishawaambia wiki iliyopita."

Aliposema hivyo Nazaire alitoka nje, akasimama juani na koti lake zito, akapumua. Nafasi ilikuwa yake. Hakuombwa kusema uongo. Aliombwa tu kuandika jina lake, tena wangeliandika hata vibaya asingelalamika.

Jioni hiyo alimpigia Spès.

"Baba Annick, wewe weka sign," alisema Spès. "Hiyo ni matope ya wazungu. Wenyewe watajijua."

"Nikiweka, ni mimi ninasema lagoon ni bahari na bahari ni lagoon."

"Na usipoweka, ni nani atasema goti lako ni goti?"

Kisha Spès akaongeza kwa ukali kwamba yeye amechoka kuolewa na mtu anayelala Houston, na kwamba afanye anachoona, lakini asije akamlaumu mtu. Huo haukuwa ugomvi. Kwa Spès ndiyo ruhusa.

Alhamisi, kwenye usaili, orodha ilikuwa na mabomba mia nne na kumi na mawili. Watu watatu wa jopo walikaa upande mmoja wa meza, Daktari Barlow katikati. Nazaire aliomba muda. Wakadhani utani, wakacheka, lakini yeye alivaa miwani na kuanza kusoma mstari kwa mstari, akitia sahihi kila mmoja, dakika zikaenda hadi mmoja wa jopo akaanza kutazama simu yake. Alipofika kwenye yale mawili hakutia sahihi. Aliandika kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza, ili hata mvivu asome: YAMEBADILISHANA. LA G NI LA J, LA J NI LA G. KOSA LANGU, KWENYE SIMU. Halafu akaendelea na mengine hadi mwisho, akarudisha karatasi, lakini hakumpa Daktari Barlow. Alimpa yule wa jopo aliyetoka ofisi ya wafanyakazi, kijana wa suti asiyejua tope wala barafu, ambaye kazi yake ni kupokea karatasi na kuzipiga muhuri. Akaipiga muhuri.

Siku nne baadaye wakala walimpigia. Walisikitika. Kampuni ilikuwa imegundua makosa ya lebo, yaliyokubaliwa kwa maandishi na mhusika mwenyewe, na kwa kazi inayotaka umakini wa kiwango hicho isingewezekana. Nafasi alipewa Kariuki, ambaye alituma ujumbe mrefu wenye huzuni na picha ndogo ya mikono iliyokunjwa, na ambaye, kusema haki, aliizika huzuni hiyo kwenye kazi mpya upesi.

Fort Worth ilimpokea inavyojua. Tharcisse alimtambulisha Jumapili kama Mzee Nazaire, bila ingénieur, kwa sauti ya mtu anayemvua marehemu saa, na meza ya mbele ikapata mtu mwingine, mwenye duka la simu. Nazaire akakaa nyuma karibu na mlango wa jikoni, ambako, aligundua, pilau hufika kwanza. Spès alimwombea nafasi hospitalini kwake. Sasa anasukuma matoroli ya mashuka kwenye korido ndefu, goti linalalamika kwa adabu, na jioni analala kwake. Alikuwa amesahau kwamba mkewe hukoroma.

Mwezi wa Septemba, siku ya mapumziko, wakiwa wamekaa sebuleni baada ya kula, Annick alimletea simu. Alikuwa amemtafuta Daktari Barlow mtandaoni, kwa hasira ya mtoto anayemtetea baba yake, na alikuwa amekuta hotuba mpya, katika mkutano mpya, ukumbi umejaa. Uvamizi haukuwepo tena. Daktari Barlow alionyesha mabomba mawili, picha kubwa ukutani, lebo zimebadilishwa, na akaeleza jinsi shaka ilivyomwingia, jinsi alivyorudi kuyatazama upya kwa uvumilivu, na jinsi matabaka yenyewe yalivyomwambia ukweli. Maji yaliyotulia yalikuwa yametulia. Bahari wazi ilikuwa imelimwa. Alisema kwamba mwanasayansi wa kweli haogopi kusahihishwa. Kisha, mwishoni, akasema kwamba chanzo kilikuwa mfanyakazi mmoja wa muda, mgeni wa lugha, aliyekosea herufi. Ukumbi ulicheka kidogo, kwa upole, halafu ukasimama kumpigia makofi.

Annick alizima simu. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "She stole everything, Papa. Hata jina lako hakusema."

Nazaire aliichukua simu, akamwomba airudishe pale kwenye picha ya mabomba. Aliitazama muda mrefu, G na J, kila moja mahali pake. Alikuwa na uchungu, na alisema hivyo: alisema inamuuma kama meno. Spès akaacha kukunja nguo.

"Lakini hakuiba kila kitu," alisema Nazaire. "Kwenye hotuba ile yote kuna kitu kimoja tu alichokubali kwamba ni changu."

"Kosa," alisema Annick.

"Eeh. Na ndilo peke yake, katika yote aliyoyasema pale kuhusu nani alifanya nini, lililokuwa kweli."